Kipande Changu cha Mtaro

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilikuwa na prinsipali moja, yaani somo moja tu nililofaulu kikamilifu. Chuo kikuu kilitaka zisipungue mbili. Historia, somo nililojivunia mbele ya kila mtu, lilinipa subsidiari tu, ule ufaulu wa nusu, na hiyo haikuhesabiwa popote nilipotaka kwenda.

Nilimkuta mama akipepeta ndengu. Aliuliza kama nimepita, nikamwambia karatasi ya historia ilikuwa na maswali ambayo hatukufundishwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta. Jumapili akawaeleza wanawake wa kanisa hivyo hivyo, na kwa wiki kadhaa watu walinipa pole njiani. Kila pole ilinichosha.

Ukweli ni kwamba maswali niliyajua. Tulitakiwa kuandika insha nne kwa saa tatu. Nilipomaliza kurasa mbili za insha ya kwanza niliona aya ya mwanzo haijakaa vizuri, nikazipiga mistari zote mbili na kuanza upya. Ya pili nikaifanya vivyo hivyo. Msimamizi aliposema tuweke kalamu chini, nilikuwa katikati ya insha ya tatu. Ya nne sikuigusa.

Nilijiandikisha kurudia mtihani nikiwa nyumbani. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na vitabu vya kuazima, meza iliyoyumba, na woga. Nikikosea neno moja katika daftari, nilichana ukurasa na kuunakili wote tena. Kufikia Agosti nilikuwa na madaftari matatu masafi kabisa, yote ya mada moja, ile ya kwanza. Mwili wangu ulikuwa umechoka kama wa mtu aliyefanya kazi.

Septemba mgongo wa mama ulikataa kuinama, nikaenda badala yake kwenye mwethya, kikundi cha wanawake waliosaidiana mashambani kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mjane mmoja ambaye shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali upande wa Mbumbuni. Tulikuwa tunamchimbia mtaro wa fanya juu: unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu uwe ukingo, ili mvua isibebe shamba. Mwenyekiti, mama mnene aliyevaa kofia ya marehemu mumewe, alipima kwa fimbo na kumpa kila mtu kipande chake. Mimi waliniita mwalimu, ingawa walijua nimeanguka.

Nilichimba kwa makini. Ukuta wa mfereji niliunyoosha kwa jembe mpaka ukawa kama umepigwa rula, na ulipobomoka kidogo nilirudia. Jua lilipofika utosini wenzangu walikuwa kivulini wakinywa uji, na kipande changu kilikuwa nusu. Mwenyekiti akaja akasimama juu yangu.

"Mwalimu, hili kaburi unalolipamba ni la chifu gani?"

Wakacheka wote. Nilimwambia nataka lisibomoke.

"Maji yatapita pale ulipoacha," akasema. "Huo ukuta wako hayatauangalia."

Wanne wakashuka na majembe yao, wakamalizia nusu yangu kabla uji haujapoa. Kingo zao zilikuwa kama zimetafunwa. Hakuna aliyenilaumu. Nakiri kwamba kilichoniudhi kwanza kilikuwa zile kingo. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa njiani peke yangu.

Asubuhi iliyofuata, nikimkanda mama mgongo, nilisema, "Mwaitu, yale maswali tulifundishwa. Sikumaliza."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Nilikuwa narekebisha."

Aliuliza nilikuwa narekebisha nini, nikaendelea kumkanda.

"Wale wa kanisani utawaambia wewe," akasema.

Niliwaambia wawili. Waliobaki sikuweza.

Tangu siku hiyo, kila nilipojipima kwa insha, niliweka saa ya mezani mbele ya mama, nikamwonyesha mshale unapaswa kufika wapi. Ukifika hapo, alinyoosha mkono na kuichukua karatasi, hata kama nilikuwa katikati ya sentensi, akaitia kwenye mkebe wa unga na kuufunika. Kiingereza hakukisoma, kwa hiyo hakuna kilichomtia huruma. Wiki ya kwanza nililia kila mara. Niliomba dakika mbili tu, na yeye alikuwa ameshageukia sufuria zake. Kufikia Oktoba nilikuwa naandika insha nne. Hazikuwa nzuri. Nilizichukia, lakini zilikuwa nne.

Mtihani ulikuja pamoja na mvua. Katika insha ya pili niliandika mwaka usio sahihi, nikaukata kwa mstari mmoja na kuendelea. Insha ya mwisho mwandiko ulikuwa wa mtu anayekimbia. Nilirudi nyumbani bila furaha yoyote. Nilitaka kulala tu.

Matokeo yalipotoka, historia ilikuwa D. Prinsipali zikawa mbili, dhaifu zote. Chuo kikuu hakikuniita. Chuo cha walimu kiliniita.

Nilisimama mlangoni na ile karatasi, macho yangu yakiwa kwenye D, nikijiuliza ni insha gani iliyoniangusha, na kama ningeiandika upya ningeanza na nini.

"Zinatosha?" mama akauliza.

"Zinatosha."

Akanyoosha mkono, kama alivyozoea, nikampa kabla sijamaliza kuisoma.