Moshi wa Ng'ambo

Kazi yangu miaka hii ni kuwafundisha walimu namna ya kufundisha habari za nishati safi: majiko banifu, taa za jua, kuni zilizokaushwa vizuri. Semina tunafanyia Lushoto mjini. Walimu wanakula vitumbua, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi makwao. Baadaye mimi ndiye ninayepanda huko juu kwa bodaboda, magoti yakilalamika, kuona kama kuna kilichobaki. Mara nyingi kilichobaki ni bango la karatasi ukutani, limekunjika kwa unyevu. Sisemi kwa uchungu. Nimechoka tu, na kupamba maneno nako ni kazi.

Mwalimu mmoja alinitia moyo. Alifundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo juu mlimani, ukishaipita Lukozi. Alikuwa mtu mzima, amekaribia kustaafu, maneno yake machache. Alipotoka semina alijenga jiko la kwanza kwa mama yake, kabla hata ya jiko la shule, na darasa zima lilikwenda kumkandia udongo. Mama huyo alikuwa mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya bonde, nyumba yake ikitazamana na shule. Kupikia mafiga maisha yake yote kulikuwa kumemharibu kifua. Hospitali walimwambia mwanawe waziwazi kwamba moshi usipokoma, mama hatakaa sana. Kuhamia kwa mwanawe alikataa katakata. Migomba yake angemwachia nani?

Wazazi wa wanafunzi walikuwa wanasubiri kuona jiko la mama huyo litakavyokwenda ndipo na wao wabomoe mafiga yao. Kwa hiyo nilipofika Lukozi nikasikia kwamba nyumba ile inafuka moshi kila asubuhi, nilikasirika.

"Mwalimu wa nishati safi, kwa mama yake kunafuka kama tanuru la matofali," dereva wa bodaboda aliniambia, akicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Nililala kwa mwalimu na mkewe, nyumba za walimu pale pale shuleni. Alfajiri nilimkuta mwalimu amesimama pembeni mwa uwanja, koti mabegani, anatazama ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda taratibu nyuma ya nyumba ya mama yake. Midomo yake ilicheza. Nikadhani anaomba dua, nikangoja amalize.

"Jiko limebomoka, mwalimu?"

"Jiko ni zima, dada."

Akanieleza bila kunitazama. Huko kwao nyumba ikichelewa kufuka asubuhi, jirani huenda kupiga hodi, maana huenda mtu ameugua au amekufa. Naye tangu ahamishiwe shule ile, kitu cha kwanza kila alfajiri ni kutazama moshi wa mama. Akiuona, anamwamkia shikamoo hapo hapo aliposimama, kisha anakwenda kugonga kengele. Jiko jipya lilipoanza kutumika, asubuhi ya kwanza hakuona kitu. Aliliacha darasa, akashuka mbio katikati ya mashamba ya kabichi, akavuka mto, akapanda. Alimkuta mama anakunywa chai. Wiki ile akashuka tena, na tena. Halafu siku moja moshi ukarudi, na akajua mama anauwasha kwa ajili yake.

"Ningemwambia aache," alisema, "lakini nikiuona napumua. Nawafundisha watoto kwamba moshi ni sumu, halafu kila alfajiri nauombea utoke."

"Simu je?"

"Nilimnunulia. Masikio hayasikii, na kule chini mtandao ni wa kubahatisha."

"Na anajua kwamba unamwamkia?"

"Sijawahi kumwambia. Mtu mzima mimi, nisimame uwanjani naongea peke yangu?"

Nikashuka bonde, nikapanda upande wa pili. Mama alinipokea mlangoni, kikohozi kikitangulia. Nikamwamkia, akaitikia. Mimi ni mtu wa Muheza. Kibondei changu na Kishambaa chake vilielewana, na palipokwama tukashika Kiswahili. Jikoni mwake mlikuwa safi, ukuta hauna masizi mapya, kuni mbili kavu zikiwaka bila makelele. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mafiga matatu, na juu ya majivu majani mabichi yaliyoungua nusu.

"Mama, haya ndiyo yanayokumaliza."

"Najua. Lakini mwanangu alikuja hapa mbio, uso umekuwa wa kijivu, hawezi hata kusema. Ataanguka bondeni siku moja. Bora nikohoe mimi."

Nikatoa taa ya jua niliyokuwa nayo mkobani, ile ninayowaonyesha walimu. Nikamwambia aiweke dirishani kila alfajiri, mwanawe ataiona. Aliigeuza mikononi, akaiwasha, akaizima.

"Ikiwashwa jioni inazimika lini?"

"Inakesha, mama," nilijibu kwa fahari ya kazini.

"Basi haifai. Itawaka hata nikiwa nimekufa."

Nilikaa kwenye kigoda. Miaka yote nimeisifia taa ile kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haitaki mtu wa kuichochea. Sikuwa na somo jingine mkobani, na miguu ilikuwa inauma. Nikasema tu, kwa kuchoka kuliko kwa akili:

"Basi tembea nayo, mama. Kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba."

Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakubali kujaribu. Nikapanda mlima kidogo kutafuta mtandao, nikampigia mwalimu: asitazame moshi kesho, atazame taa, na isipotembea ndipo ashuke. Akaniomba nilale kwa mama yake, maana anamjua, atawasha yale majani tu.

Nami nilimshuku hivyo hivyo. Alfajiri alipomaliza kuswali nilikuwa macho, namsikiliza. Alijifunga khanga ya pili, akaichukua taa, akatoka. Nikamfuata. Akasimama, akayatazama mafiga yake na lile rundo la majani aliloliandaa tangu jana mchana. Niliogopa. Sikuwa naliogopea jiko wala wazazi wa wanafunzi; nilimwogopea yeye na kile kifua.

Akayapita. Alitembea polepole, taa ameishika kifuani kwa mikono miwili, mpaka kwenye migomba. Hapo akasimama kuielekea shule. Ng'ambo kulikuwa bado na giza. Sikuona uwanja, sikuona mtu, na sauti ya huko isingeweza kutufikia. Baridi ilikuwa kali.

"Ameshaiona, mama. Turudi ndani."

"Ngoja kwanza."

Akainua taa kidogo, akainamisha kichwa kama mtu anayeamkiwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Kisha akaizima, akaniambia twende tukanywe chai.