Aliyekutua Ndiye Akutwishe

Tulikuwa watatu, na wote tuko hai, kwa hiyo asije mtu akasema bibi huyu ameota. Nilikuwepo mimi, wa Lyamkena, Makambako. Alikuwepo mjukuu wangu Lusungu, mtoto wa binti yangu wa pili, Eliza, yule aliyeolewa Mjimwema. Na alikuwepo Frenki, mume wa Lusungu, mtoto wa watu wa Tanga, anayefanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam. Wa nne nitamtaja akifika, maana hatukumwalika. Haya ninayoyaandika yalitokea. Usiyeamini kamwulize Lusungu, ila usimwulize mbele ya mumewe.

Walikuja likizo mwezi wa saba, wakati ambao Njombe hata mbwa wanagombania kulala jikoni. Lusungu alikuwa na mimba kubwa, tumbo limeshuka. Frenki akaniambia, "Bibi, tunakupeleka mahali ukapumzike." Kwetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia, tunataniana, kwa hiyo nikamjibu, "Mume wetu, kupumzika ninapumzikia hapa. Kitanda ninacho." Akacheka, akanipakia kwenye gari kama gunia la viazi.

Mahali penyewe ni nyumba ya wageni iliyo msituni, ukishapita Njombe mjini. Sisemi vibaya vitu vya watu. Chakula kilikuwa kizuri na maji ya kuoga yalikuwa ya moto. Lakini tulipomaliza kula, giza limeshaingia, Frenki akasimama akavaa koti. "Haya, twende tukatembee ile njia ya msituni."

"Saa hii?"

"Bibi, usiku ndiyo raha yake."

Sasa nawauliza ninyi mnaosoma. Maisha yangu yote nimepita msituni usiku kwa sababu mtu anazaa au mtu anakufa. Leo naambiwa nipite kwa raha. Raha ya nini? Ningebaki, lakini Lusungu alikuwa ameshavaa viatu, na mwanamke mwenye mimba ile humwachi aende gizani na mtu wa Tanga.

Getini tulimkuta mlinzi, Mzee Ezeria Mgaya. Tukaamkiana. "Kamwene, mama. Na wewe unakwenda?"

"Kamwene. Nifanyeje, baba? Huyu ana mimba na yule ana kichaa."

"Basi msikae sana huko," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Njia ile haina taa hata moja. Taa tulizokuwa nazo ni za simu, na Frenki akasema tuzizime, eti macho yazoee tuone nyota. Nyota gani? Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Mwezi ulikuwepo juu yake, ukawa unatuonyesha vitu kama mtu aliyevaa miwani ya mwenzake. Mara akasikia ndege, akatangulia kumfuata, akatuacha sisi wanawake tunajikokota nyuma. Ndiyo likizo hiyo.

Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja anakuja mbele yetu, ana mzigo wa kuni kichwani. Mzigo mkubwa, umefungwa kwa kamba ya magome, kama tulivyokuwa tukifunga zamani. Alikuwa anahema. Akasimama na kusema kwa Kibena, nami nakiandika kwa Kiswahili mpate kuelewa, "Wanangu, nitueni. Shingo inakatika."

Mwanamke akikuambia umtue mzigo, unamtua. Hilo halina mjadala, nami ndiye niliyemfundisha Lusungu hivyo tangu anakwenda kisimani na ndoo ya lita tatu. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafika na kushika kuni. "Wee, una mimba, unabeba nini?" nikamgombeza, nikaingiza mkono wangu wa kulia, tukautua mzigo pamoja.

Kuni zilikuwa zimelowa zinachuruzika maji, na mvua kwetu tulikuwa hatujaiona tangu tuvune mahindi. Halafu nikaiona ngata yake ya kichwani. Ilikuwa ya nyasi mbichi, za kijani kabisa. Mwezi wa saba, Njombe, baridi imeunguza nyasi zote zimekuwa kama makapi. Amini usiamini, nilipoiona ngata ile nikaanza kutafuta njia ya kuondoka.

Nikasema, "Haya mama, pole na kazi. Sisi tunaendelea."

Yule mama alikuwa ameshakaa kwenye gogo, na alikuwa amekalia pindo la kitenge cha Lusungu. "Mnaendelea kwenda wapi?" akauliza. "Aliyekutua ndiye akutwishe. Au siku hizi hamfundishani?"

Na kweli ndivyo ilivyo kwetu. Ukimtua mtu mzigo, umejifunga kumtwisha akishapumzika. Huwezi kumwacha na mzigo chini, kwa sababu peke yake hataweza kuuinua. Ukiondoka umemfunga pale kama mbuzi. Nikasema basi, tumngoje apumzike kidogo.

Kidogo ikawa nyingi. Alikuwa anajinyoosha miguu, anakuna kisigino, anatazama ukungu. Lusungu alijaribu kuvuta kitenge, hakikutoka. Akajaribu tena, kisha akakaa chini pembeni yake, akajilaza begani kwake kama mtoto aliyechoka ibada. Nikamwita, "Lusungu." Akaitika kwa mbali. Nikamshika shavu, lilikuwa baridi kama kibuyu cha maji. Nikashika tumbo, mtoto alikuwa ametulia, hachezi. Mtoto yule alikuwa hatulii, wenyewe walikuwa wanamwita fundi baiskeli.

Hapo uoga uliniisha, nikashikwa na hasira. "Mama, umepumzika vya kutosha," nikasema. "Wanawake wa huku hatupumziki hivyo. Simama tukutwishe, uende kwako."

"Nikisimama mtakimbia."

"Nani alikuambia?"

"Wote hukimbia. Wanakuja na vitaa vyao, wanacheka, nawaomba wanitue. Wanatua. Wakishaniona vizuri wanapiga kelele na kuniacha hapa. Nakaa na mzigo wangu mpaka basi." Akamtazama Lusungu tumboni. "Nina mtoto nyumbani, moto umemzimikia. Huyu simwachii. Huyu atakaa mpaka anitwishe."

"Huyu hawezi kusimama. Umemkalia nguo."

"Basi tutakaa."

Jamani, nimewahi kubishana na wifi zangu, na wauza mbolea, na mchungaji mmoja aliyekuwa hasikii, lakini ubishi wa yule mama sijauona. Nikamwambia, "Nisikilize. Mzigo wako tuliutua wawili. Mkono huu ulikuwepo. Kwa hiyo deni la kukutwisha ni langu pia, na mimi ndiye mkubwa. Mwache mtoto. Mimi ninabaki."

"Utakimbia."

"Na miguu hii? Nikimbilie wapi, mwanamke?"

Akacheka. Kicheko cha kawaida kabisa, cha mtu wa kanisani. Akainua kidogo makalio, nami nikachomoa kitenge. Lusungu akaangukia upande wa pili, akakohoa. Ningeweza kumshika mkono tukaondoka, yule mama hakuwa ametushika tena. Sitawadanganya kwamba sikulifikiria. Lakini nilikuwa nimesema ninabaki, na mtu akishamwambia mwenzake hivyo mbele ya mzigo, ameshasema.

Akapiga goti, akaweka ngata yake sawa. Nikainamia kuni. Kwenye kikundi chetu cha akina mama nimeosha maiti wengi, nimewainua na kuwageuza, kwa hiyo najua uzito wa mtu asiyejisaidia. Mzigo ule ulikuwa na uzito huo. Baridi yake ilinipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kwapa. Nikauweka gotini, kisha kifuani, yeye akaingiza kichwa chini yake, tukasimama pamoja, mimi nikiguna, na yeye akimwita mtoto wake kwa jina, "Nakuja, Tumsifu. Nakuja."

Uliposimama sawasawa kichwani, akasema, "Asante, mwenzangu. Mimi ni Rozina." Akaenda zake. Kuni zile hazikugusa tawi hata moja.

Frenki akatokea na simu inawaka. "Bibi, mnafanya nini hapo chini? Nyumba ile pale." Na kweli, taa za nyumba ya wageni zilikuwa hapo mbele, ungeweza kutupa jiwe likafika. Nikamwuliza kama amepishana na mama wa kuni. Hajaona mtu. Akaniambia nimekaa kwenye gogo naongea Kibena peke yangu, wazee wakichoka huwa hivyo. Lusungu alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Tulipofika kitandani, mumewe anaoga, aliniuliza swali moja: "Bibi, ulimtwisha?" Nikamwambia nilimtwisha. "Basi ndiyo maana anacheza tena," akasema, akalala.

Asubuhi nilimfuata Mzee Ezeria. Nikamwuliza, ile njia inakwenda wapi? Akasema haiendi popote. Zamani ilikuwa inavuka kilima mpaka kijiji cha ng'ambo, akina mama walipita na kuni zao. Wenye nyumba walipoanza kuleta wageni wakaikata, wakapanda misindano, hii misonobari ya mbao, katikati, wakaikunja irudi ilikotoka.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wageni wasipotee, mama."

Nikamwuliza, na wenyeji je? Akachochea moto wake.

Lusungu alijifungua salama, mtoto wa kike, mnene. Mimi ndiye niliyebaki na alama. Mkono wangu wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Ninaushika ukiwa baridi saa sita mchana, juani, hapa Makambako. Nikishika kikombe cha chai siisikii chai. Hospitali wameupima, wameupiga picha, wanasema ni mkono mzuri. Frenki ameniletea glovu. Siku za ukungu unakuwa mzito, ndipo ninapojua yule mama yuko njiani bado, anazunguka, na mtu mwingine amemtua.

Kwa hiyo nawaomba. Kutembea msituni usiku kwa raha acheni, raha zipo nyingi za mchana. Lakini kama huwezi kusikia, ukakutana naye, ama usimtue, ama ukimtua ubaki mpaka umtwishe. Na ninyi mnaomiliki njia ile, fyekeni misindano mahali pamoja, pana kama mwili wa mwanamke mwenye mzigo. Hamtapungukiwa.

Majina nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, na mara nyingi sikosei. Eliza anasema Mzee Ezeria si Mgaya, ni Mwalongo, sidhani. Lakini jina la yule mtoto nililisikia mzigo ukiwa kifuani, masikio yananguruma. Kama kuna mtu wa kijiji cha ng'ambo anayejua Rozina alikuwa mama yake nani, na si Tumsifu, anisahihishe. Nisije nikawa namwombea mtoto wa mtu mwingine.