Gobore Dogo na Karabai ya Mama

Enzi zetu, sisi watoto wa mhunzi kule Urambo, hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Tulijitengenezea wenyewe, tena kwa masharti. Baba alikuwa fundi wa magobore ya wawindaji na ya wakulima waliolinda mahindi yao dhidi ya nguruwe. Sisi wanawe, tukishaweza kushika tupa bila kujikata, kila mmoja alitengeneza gobore lake dogo, refu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Lilikuwa na kila kitu: mtutu, kitako, kinyundo, kifyatulio, mpaka mdeki wa kushindilia baruti. Kitu kimoja tu lilikosa. Baba alikataza kutoboa tundu la kupitishia moto. "Gobore la mtoto huzaliwa bubu," alisema, na hakuna aliyebishana naye.

Nakumbuka harufu ya uhunzini kwetu: mkaa, chuma cha moto kikitumbukizwa majini, na viazi vitamu tulivyovifukia kwenye majivu. Vilitoka vyeusi kwa nje, ndani njano kama kiini cha yai, tukavila kwa mikono yenye masizi. Mwalimu wetu alikagua kucha kila Jumatatu, na watoto wa mhunzi tulichapwa hata kabla ya kunyoosha mikono. Hatukujali. Nani mwingine darasani alijua kupinda waya wa mwavuli mpaka ukawa springi?

Sharti kubwa lilikuwa la vyuma. Kila kipande kilitakiwa kitoke kwenye kitu kilichotutumikia nyumbani mpaka kikafa. Kununua mwiko, kuomba kwa jirani mwiko. Kaka zangu wawili walinitangulia, na magobore yao yalining'inia ukutani juu ya fuawe ya kufulia vyuma, mteja akiingia anayaona kwanza. Mimi nilikuwa binti wa kwanza kuutaka msumari wangu kwenye ukuta ule. Shangazi alisema mwanamke na gobore wapi na wapi. Baba hakucheka wala hakunitetea; alinipa tupa.

Basi nikahangaika. Mtutu niliupata kwenye pampu ya baiskeli iliyochoka, na mdeki kwenye spoku ya baiskeli hiyohiyo. Kinyundo nilikichonga kutoka kwenye jembe lililolika. Springi ilitoka kwenye mwavuli wa Bibi. Kikabaki kikingio cha kifyatulio, kile kipande kinachopinda kwa chini kama sikio la kikombe, na hicho Baba alitaka kiwe cha shaba. Sikuona shaba iliyokufa nyumba nzima. Mnadani nikamkuta muuza mitumba mmoja mwenye huruma, akanipa bizimu ya mkanda ya shaba. Nikaipinda, nikaisugua kwa mchanga na ndimu mpaka ikang'aa, nikampelekea Baba kifua mbele.

Aliigeuza kiganjani, akaisifu kazi, kisha akanirudishia. "Nzuri sana, mwanangu. Lakini hii haijatufanyia kazi yoyote. Ni mgeni."

Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba, na Mama ndiye aliyenisikia. Alikuwa na karabai ya shaba aliyopewa siku ya harusi yake. Tangi lake lilikuwa limetoboka zamani na halikuwahi kuzibika, lakini bado aliisugua kila Ijumaa na kuirudisha juu ya kabati, na ole wake aliyeigusa. Akatoka nayo, akaniwekea mapajani.

"Ilitumulikia," akasema. "Ichukue."

Nikamwambia lakini Mama, hii ni ya harusi yako. Akanijibu kwamba maiti haizikwi juu ya kabati, kisha akarudi jikoni kwake.

Baba aliupigilia msumari wangu kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo, mteja akitazama ukutani, aliambiwa kwanza habari za lile la tatu: "Hilo ni la binti yangu." Sijawahi kuvishwa nishani, lakini najua inavyokaa kifuani.

Leo niko Stockholm, fundi wa kufuli na vitasa, na gobore langu liko ukutani kwangu, mtaa wa Akalla. Lilikuja sandukuni, limeviringishwa kwenye khanga ya marehemu Mama. Binti yangu Tausi, ambaye sasa yuko sekondari, alilipita miaka yote bila kulitupia jicho. Majuzi akalishusha, akachezea kinyundo, akasema na yeye anataka la kwake. Moyo ulinijaa. Sijamaliza kufurahi, akaninyooshea simu: vikingio vya shaba, vinyundo, pete za mtutu, vyote tayari, vya magobore madogo ya kila kipimo. "Men mamma, det är bara att beställa," akasema, yaani ni kuagiza tu. Watoto hawa hata kiu wangeiagiza wakiambiwa inaletwa mpaka mlangoni.

Nikamweleza sharti la babu yake. Akazunguka nyumba nzima akifungua makabati, akarudi amekunja uso. "Lakini mama, hapa kwetu hakuna kitu kinachokufa. Tunatupa vikiwa vizima."

Enzi zetu kitu kilitumika mpaka kikawa ndugu. Hapa birika likipata mkwaruzo linashushwa chumba cha taka, na kesho yake jingine liko mezani. Watoto wetu wana kila kitu, ila hawana chuma cha kurithi, na sisi wazazi ndio tuliowazoesha hivyo.

Kisha nikakumbuka droo yangu. Ndani yake mna silinda ya shaba ya kitasa cha nyumba yetu ya mtaa wa Hagsätra, mlango wa kwanza katika nchi hii ulioandikwa jina langu. Siku vitasa vilipobadilishwa nilimwomba fundi anipe ile kuukuu, na ni kwa kumtazama akifanya kazi ndipo nilipojua na mimi nitafanya kazi gani. Nimeitunza miaka yote, na Tausi hakuruhusiwa kuichezea hata alipokuwa mdogo. Nikaitoa, nikamwekea mapajani.

"Ilitufungia mlango," nikamwambia. "Ichukue."

Akaigeuza kiganjani vilevile kama babu yake, ambaye hakuwahi kumwona, kisha akaniuliza tupa iko wapi. Bado anahangaika nayo, maana shaba ile ni nene na mikono yake imezoea simu. Lakini msumari wake nimeshaupigilia, kando ya wangu.