Rilei Iliyokufa Kwenye Kona ya Kanama

Miaka ile waasi walipokuwa wakivizia barabara, nilikuwa dereva wa pikapu kuukuu ya dizeli, nikipeleka viazi mjini Gisenyi. Asubuhi moja, kwenye kona ya Kanama, risasi zilipasua kioo cha mbele. Mama mwenye viazi, aliyeketi kando yangu, alipigwa begani. Nilikanyaga mafuta, gari likaruka shimo, na injini ikazima.

"Papa, washa!" alipiga kelele. "Batatuua!"

Starta ilizunguka kwa nguvu, lakini injini haikushika. Basi betri ilikuwa nzima. Nilishuku rilei, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye pampu ya dizeli, maana wiki nzima kilikuwa kikinisumbua. Niliinama chini ya dashibodi nikaishika.

"Mama, zungusha ufunguo. Mi naangalia huku chini."

Aliuzungusha kwa mkono wake mzima. Rilei nzima hulia tik ikipata umeme; ile haikulia hata kidogo. Niliing'oa, nikachomoa ya honi iliyofanana nayo, nikaichomeka mahali pake. Risasi zilitoboa mlango, na damu ya mama ikanidondokea shingoni.

"Tena, mama!"

Safari hii kitu kililia tik vidoleni mwangu, na injini ikanguruma. Niliendesha nimejikunja, sioni vizuri, mpaka hospitalini mjini.

Yule mama alipona, ingawa mkono wa bega lililopigwa haukuinuka tena. Mimi sikuwa na jeraha, lakini muuguzi alilazimika kunibandua vidole kwenye usukani, kimoja kimoja.