Jicho la Shoga Yangu

Shoga yangu nilimkosea, na aliyenikosesha ni mama yangu mzazi. Nalisema wazi, maana nimechoka kulifunika.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikwenda kukaa arobaini kwetu Bodo, mume wangu akabaki kazini Diani. Siku za mwanzo maziwa yalikuwa tele, leso nabadilisha mara tatu kabla ya adhuhuri. Mama alinipikia supu ya pweza na uji wa pilipili manga. "Kunywa, mwanangu, mzazi ni kula." Kila asubuhi na kila jioni alimchukua mtoto uani kumwogesha na kumkanda, akanirudishia amelala fofofo. Nami nikalala. Nani asiyemshukuru mama kama huyo?

Wiki ya tatu kifua kikalegea. Nikikamua napata matone. Mtoto nikimpa titi, ananyonya kidogo kisha anageuza uso. Nililia mpaka macho yakavimba.

"Ni jicho hilo," mama akasema.

Akamtaja shoga yangu, niliyesoma naye chuo cha Qurani tangu utotoni. Alikuwa amekuja kunipa hongera, akacheka, "Hee! Kifua chote hiki? Atashiba huyu, na cha jirani kibaki!" Hakusema mashallah. Basi ikawa ni yeye. Nikaandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikalinywa siku tatu. Shoga yangu alipokuja tena na bakuli la mchuzi, niligeukia ukutani. Nilimsikia akilitua bakuli kizingitini, akaenda zake. Mama akawamwagia kuku, na majirani akawaambia kwa nini.

Kombe likaisha, maziwa hayakurudi. Siku ya kliniki, Msambweni, muuguzi aliniuliza, "Ananyonya mara ngapi kutwa kucha?"

"Mara nne, tano."

"Dada, supu ni nzuri, lakini maziwa huitwa na mdomo wa mtoto. Asiponyonya, mwili nao huacha kuyatengeneza." Akamtazama mwanangu kwenye mizani. "Na huyu mbona hakukonda?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Asubuhi yake mama alipomchukua mtoto, nilingoja kidogo, nikamfuata uani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu kainyoosha, mtoto kamlaza juu yake. Mkononi ana kijiko. Kando ya beseni, kikombe cha maziwa ya mbuzi yaliyozimuliwa kwa maji.

"Mama, wampa nini mtoto?"

"Namshibisha. Ulikuwa umechoka, nikataka ulale. Nawe nilikulea hivi hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja."

"Na lile jicho?"

Akakoroga kikombe, hali hakikuwa na cha kukorogwa. "Maziwa yalipopungua, niliogopa utanilaumu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kikinipikia supu. Nilimchukua mwanangu na povu la sabuni lingali masikioni, nikaingia ndani nikafunga mlango. Mama alinisemesha kutoka nje, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Mzazi ni mimi pia.

Tangu hapo nilimweka titini kila alipofumbua macho, chuchu zikachanika, nikauma leso nikaendelea. Sikumpa mtu amwogeshe. Mama alikuwa akiandaa beseni na maji ya vuguvugu, analiacha mlangoni, kisha anakwenda kukaa jikoni. Baada ya siku kama kumi, leso ikalowa tena.

Arobaini ilipotimia, nyumba ya kwanza kuingia ilikuwa ya shoga yangu. Nilikwenda na mtoto begani, maziwa yamepenya mpaka kwenye buibui, nimejiandaa kumwomba radhi. Alifungua mlango, akaona ule unyevu kifuani, mara akainamisha macho, akayashikilia chini.

"Shoga, nitazame," nikamwambia. "Hukuwa wewe."

Hakunitazama.

"Mashallah," akasema, akiangalia miguu yangu. Halafu akarudia kwa sauti kubwa, majirani wasikie: "Mashallah!"