Miguu ya Muuza Mchele

Asubuhi ile niliondoka Tinde kwa sababu lori la mashudu lilikuwa linaondoka. Nilimuuliza dereva anaelekea wapi nikiwa nimeshapanda. Akasema Kharumwa. Nikasema sawa.

Shule niliiacha darasa la sita. Kupiga picha nilijifunza kwa kutazama picha za wengine na kujiuliza kwa nini moja inanishika kuliko nyingine. Nikajiwekea sheria: mfanyabiashara usimweke katikati. Msogeze pembeni, mwanga umguse shavu moja, bidhaa ijaze nafasi iliyobaki. Kata kiunoni.

Sokoni Kharumwa mama mmoja muuza mchele aliniona napiga picha, akaniita. Alikuwa ameanguka na bodaboda, na habari ilipofika kijijini kwao ikawa amekatwa mguu. Mama yake hali chakula. Kila akiambiwa kwa simu kwamba mguu upo, anasema wanamficha. Kwa hiyo ilitakiwa picha.

Nikapiga. Mpaka leo naona ni picha nzuri: uso kushoto, turubai la bluu limepoza mwanga, lundo la mchele kulia limepanda hadi usawa wa bega. Jicho linaanzia usoni, linateremka na mchele, linarudi.

"Miguu iko wapi?"

"Shida, mama, ukiweka miguu, uso unakuwa mdogo."

"Uso mama hajauulizia."

Jirani yake, muuza dagaa, akachungulia. "Bodaboda ilikata mmoja, huyu kakata yote miwili!"

Tukasogeza magunia. Akasimama katikati kabisa, mikono imenyooka, hacheki. Picha za namna hiyo nimeziona kwenye kuta nyingi Usukumani, mtu toka kichwani hadi viatuni, na nilidhani wapigaji hawakujua kazi. Akavua kandambili, akapandisha kitenge hadi magotini.

"Simamia huo ulioumia, inua mwingine," muuza dagaa akashauri, "aone una nguvu."

"Halafu auone mmoja?"

Nikapiga miguu yote miwili. Tukaituma picha kwenye simu ya kaka yake kijijini, tukangoja. Simu ikaita, muuza mchele akaweka sauti ya juu.

"Mayu, umeiona?"

Ikaja sauti ya mama yake: "Huu wa kulia mbona umevimba?"

"Ndio ulioumia, mayu."

"Haya." Tukamsikia akigeukia watu wa huko. "Ule ugali mmeuweka wapi?"

Muuza mchele alifunga magunia mapema, akanipeleka mwenyewe gesti iliyo nyuma ya soko, akamwambia mhudumu mimi ni mgeni wake. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na feni isiyozunguka. Nikaweka begi chini.