Kifaru Kisicho na Mzinga

Uvumilivu uliniisha siku jirani alipomcheka Masika, binti yangu wa miaka sita, hapa kambi ya jeshi ya Kasese. Tulikuwa tumejenga kifaru kwa makopo ya maziwa na kukipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti. Baba yake, askari anayelinda mpakani Bwera, alitueleza kwa simu kifaru chao kilivyo: hakina mzinga, kinabeba daraja mgongoni.

"Mama Masika, hiyo iko kifaru ama iko ngazi ya fundi?" jirani akauliza huku akicheka.

Masika akalia. "Kumbe baba ni mwongo."

Nikawaka. Nilikibeba kifaru, rangi haijakauka, hadi ofisi ya mkubwa wa mume wangu.

"Afande, andika! Mume wangu anadanganya mtoto. Wapi umeona kifaru bila mzinga?"

Mimi, mtaalamu wa jeshi kwa sababu nafua magwanda!

Afande akakizungusha taratibu, vidole vikawa kijani. Kisha akanionyesha picha ukutani: yeye mwenyewe, kijana, ameketi juu ya kifaru cha namna hiyohiyo, daraja mgongoni.

"Hii niliendesha mimi, mama. Umeijenga vizuri. Sasa niandike nini?"

Ukali wote ulinitoka. Nikatazama sakafu.

"Andika kwamba hajarudi nyumbani miezi mitatu, na mtoto ana kitu cha kumwonyesha."

Akaandika.